Ndoo Iliyokataa Kupata Joto

Mpelelezi alikuwa ameingia kwenye vyumba vingi ambamo ubaya ulitendeka, na mguu wake haukuwahi kusita. Leo ulisita. Chumba cha kuchanganyia dawa kilikuwa kidogo, kuta za matofali, paa la bati, mlango mmoja na kidirisha cha juu kisichopitisha hata kichwa. Katikati ya sakafu palikuwa na kitambaa cha kichwa kilichotoboka matundu meusi, na matundu yenyewe yalikuwa bado yanapanuka taratibu huku anayatazama. Asubuhi hiyohiyo kitambaa hicho kilikuwa kichwani kwa mtu.

"Nitangulie, afande?" Koplo akauliza nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe hapana. Koplo alikuwa na kitambi cha kutosha watu wawili na utani wa kutosha kituo kizima, ila utani leo aliuacha kwenye gari.

Mpelelezi akamwambia atoe daftari, waanze na maneno kwanza. Ukweli ni kwamba aliogopa, na kuandika maneno kulimpa sababu ya kubaki nje.

Aliyekuwa na maneno ni msimamizi wa shamba, mwanaume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi na mikono isiyotoka mfukoni. Shamba lilikuwa la nyanya na pilipili hoho, ekari nyingi za mabanda ya nailoni, yakimwagiliwa kwa mipira inayodondosha maji tone kwa tone. Kila asubuhi mchanganyaji huandaa ndoo mbili. Moja ya mbolea, moja ya asidi iliyopunguzwa makali kwa maji, ya kusafishia mipira isizibe. Mchanganyaji alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, na shamba zima lilimwita Mama Vipimo. Leo, kwa maneno ya msimamizi, Mama Vipimo alikosea. Badala ya kutia asidi kwenye maji alitia maji kwenye asidi, ikachemka papo hapo na kumrukia usoni na kifuani.

"Saa ngapi?" mpelelezi akauliza.

Msimamizi akasema ni kati ya saa moja na saa tatu, wakati injini ya pampu inanguruma, maana ingekuwa wakati mwingine kelele zake zingesikika. Aliyemkuta ni mtunza stoo, saa tatu na nusu. Ni shemeji wa Mama Vipimo, mume wa mdogo wake. Ndiye aliyewaambia wenzake kwamba mama wa watu ameungua zamani, kalala pale masaa. Alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari, akaenda naye hospitali, hakutaka hata kusaidiwa.

"Na yule pale, kama ni ajali, anashikiliwa kwa nini?"

Alimaanisha mwanaume wa makamo aliyekalishwa juu ya kreti, mdomo umepasuka, walinzi wawili wamemsimamia. Ni fundi bomba, akaeleza msimamizi. Kila asubuhi yeye ndiye hupanga zile ndoo. Jana jioni aligombana na Mama Vipimo mbele za watu, na leo wenzake walipoona mwanamke anatolewa vile, hawakusubiri polisi.

Mpelelezi akapiga simu hospitali. Nesi wa zamu akamwambia mgonjwa yu hai, macho yamefungwa bandeji, koo limevimba, na daktari hataki ahojiwe mpaka mchana. Mpelelezi akahesabu kichwani. Kama kuna mtu aliyefanya hili kwa makusudi, basi anajua kwamba kazi imebaki nusu, na aliyebaki kuisimulia amelala kitandani haoni. Akatoa agizo kwa sauti ya kazi: mtu yeyote asiingie chumba kile isipokuwa daktari na manesi. Nesi akauliza kuhusu shemeji aliyemleta, ambaye amekaa naye tangu wafike.

"Huyo abaki," mpelelezi akasema. "Mgonjwa asiachwe peke yake hata dakika."

Akakata simu akiwa ametulia kidogo, akavaa buti za mpira alizoazimwa, akaingia.

Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za mkono: MAJI KWANZA, ASIDI BAADAYE. UKISAHAU RUDI NYUMBANI. Ni mwandiko wa Mama Vipimo, msimamizi akasema kutoka nje. Mwanamke anayeandika hivyo ukutani na kuyasoma kila siku kwa miaka mingi, leo kayasahau. Inawezekana. Mpelelezi aliwahi kumshika mwalimu wa udereva aliyegonga ukuta wa kituo cha polisi.

Juu ya saruji iliyoinuka palikuwa na ndoo mbili nyeupe za lita ishirini. Ya kushoto ilikuwa ya mbolea, na ilikuwa inatoka jasho. Matone yalishuka pembeni mpaka chini yakatengeneza kidimbwi. Mpelelezi akaigusa kwa kidole, na kwa joto lile la chini ya bati akashangaa jinsi ilivyo ya baridi. Ya kulia ilikuwa ya asidi, imejaa hadi mstari mwekundu, imetulia, haina rangi wala harufu ya kumshtua mtu. Jagi la plastiki la lita moja lilikuwa limeanguka chini karibu nayo. Kwenye msumari ukutani ilitundikwa miwani ya kinga. Akaishusha kwa kalamu, akaielekeza kwenye mwanga wa kidirisha, akaigeuza mara mbili. Haikuwa na hata alama ya tone.

Alikuwa bado anaitazama miwani alipohisi mkono wa Koplo unapita nyuma yake.

Koplo ni mtu msafi, na sakafu ile ilimkera. Aliona mpira wa maji umekunjwa mlangoni, akaona afadhali wasuuze kabla mtu hajateleza, akafungua koki. Mpira uliokuwa umelala ukajaa, ukainua kichwa kama nyoka, na maji yakaruka juu kuelekea saruji. Nje fundi bomba akapiga ukelele, neno moja tu, ndoo, huku akijirusha kutoka mikononi mwa walinzi. Mpelelezi hakufikiri. Alipiga mpira teke kwa buti, akaanguka nao, na maji yakapiga ukuta, shibiri moja tu kutoka ndoo ya kulia.

Koplo akafunga koki. Alihitaji majaribio matatu.

Mpelelezi akatoka nje akiwa ameloa mgongo mzima, akasimama mbele ya fundi bomba. Alijua atauliza nini, na alijua jibu baya litamfunga yule mtu. Akamuuliza alijuaje kwamba kilichomo kwenye ndoo ni hatari, wakati kila mtu anasema asidi ilishakutana na maji yake.

"Sikujua, dada," fundi bomba akasema. Alikuwa anahema. "Sijui mle ndani mna nini, na ndiyo maana. Mama alitufundisha, ndoo usiyoijua usiipe maji. Akikuona unafanya hivyo anakufukuza siku hiyohiyo."

Basi wakaijua. Mpelelezi alifunga kijiko kwenye mpini wa ufagio, akawarudisha watu wote nyuma, akasimama nje ya kizingiti mwenyewe na uso umeegemea ukuta, akadondosha tone moja la maji ndani ya ndoo ya kulia. Ndoo ikatoa mlio wa kukaanga, ikatema, na mvuke ukapanda hadi kwenye fremu ya mlango. Akadondosha la pili ili awe na uhakika, ingawa alishakuwa nao.

Msimamizi alikuwa amesogea hatua nane nyuma. Kutoka huko akaeleza, kwa sauti iliyopungua pasi, kwamba haiwezekani. Asidi ya Mama Vipimo ni jagi moja tu ndani ya ndoo nzima ya maji. Ikishachanganywa hivyo haina ugomvi tena na maji, unaweza kuongeza unavyotaka.

"Kwa hiyo mle ndani hamna maji," mpelelezi akasema. "Ni asidi tupu mpaka kwenye mstari."

Akarudi kwa fundi bomba, safari hii akakaa naye chini, na kuwaambia walinzi wakanywe maji mahali pengine. Akamtaka amweleze asubuhi ya Mama Vipimo tangu mwanzo hadi mwisho, kila mkono unapokwenda. Fundi bomba hakueleza, aliigiza, akitumia kreti kama ndoo. Saa moja yeye hujaza maji ndoo ya kulia hadi mstari mwekundu na kwenda zake kwenye pampu. Leo pia alifanya hivyo, maji ya koki, aliyaona kwa macho yake. Mama akija huanza na mbolea, kisha hapohapo asidi, haachi hata dakika tano katikati. Huvaa miwani. Humimina asidi kidogo kidogo kutoka kwenye jagi. Akimaliza huweka mgongo wa kiganja kwenye ubavu wa ndoo.

"Kwa nini?"

"Anasikiliza joto. Asidi ikiingia kwenye maji inatoa joto, ndoo lazima ipate moto. Anasema hiyo ndiyo ndoo inavyokujibu. Ikipata joto, anavua miwani maana inakuwa imeshaingia ukungu, anaitundika. Halafu anatia maji kwenye jagi, anasuuza, na yale ya kusuuzia anayamwaga humohumo kwenye ndoo, ili mtu mwingine asikute asidi kwenye jagi akaungua."

Mpelelezi akafumba macho, akamwona. Miwani iko msumarini, safi, kwa hiyo kumimina kulikuwa kumeisha. Mtu alikuwa amemwaga yale maji ya asubuhi na kujaza asidi mahali pake. Mama Vipimo akamimina asidi juu ya asidi, akaweka mkono, na ndoo ikakataa kupata joto. Pengine alidhani asidi imechuja. Pengine alivua miwani, akainama achungulie, jagi la kusuuzia likiwa mkononi. Wema wake wa kuwakinga wenzake ndio uliomuunguza uso. Aliyepanga hivi alikuwa amemtazama huyu mama akifanya kazi, kwa muda mrefu, na kwa makini.

"Nani anaijua desturi hiyo ya kusuuza?"

Fundi bomba akasema kila mtu. Yeye mwenyewe anaijua. Alilisema hilo akiangalia chini, maana aliona linakompeleka. Injini ilinguruma saa moja hadi saa tatu, na saa hizo alikuwa peke yake kwenye pampu, hana shahidi hata panya. Saa tatu alizima injini, akaenda chai na wenzake wote, kantini, upande wa pili wa shamba, redio imefunguliwa hadi mwisho.

Mpelelezi hakupenda kudanganya watu. Akamwambia kama Mama Vipimo aliungua saa mbili, basi yeye amekwisha. Kama aliungua wakati wa chai, yuko huru. Kisha akamuuliza jambo lililokuwa likimkera tangu alipoigusa: kwa nini ile ndoo ya mbolea ni ya baridi.

Kwa mara ya kwanza yule mtu akatabasamu, na mdomo ukamtoka damu tena. Mbolea ile, akasema, ni kinyume cha asidi. Ikiyeyuka huiba joto la maji. Shamba halina friji, basi miaka yote wafanyakazi walikuwa wakisimamisha chupa zao za kunywa ndani ya ndoo ya mbolea mara tu Mama anapomaliza kukoroga, na wakitoka kwenye mabanda wanakunywa maji ya baridi kama matajiri. Kila mmoja anajua ukichelewa unakuta vuguvugu.

"Ukichelewa kiasi gani?"

Hilo hakulijua kwa saa. Lakini kwenye rafu ya Mama Vipimo palikuwa na kipimajoto kirefu cha kioo, na mpelelezi alishasimama.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Akakichovya kwenye ndoo ya mbolea: nyuzi kumi na nane. Akamwambia fundi bomba aandae ndoo nyingine, nje kivulini, maji yaleyale, kipimo kilekile cha mbolea, akoroge kama Mama anavyokoroga. Ilipoyeyuka yote wakapima: nyuzi kumi na mbili. Plastiki ikaanza kutoka jasho mbele ya macho yao. Koplo akawekwa kusimamia saa, na kwa kuwa alikuwa anajutia mambo ya mpira, hakupepesa jicho.

Nusu saa ni ndefu kama huna la kufanya ila kuogopa. Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika mbali, wanamtazama kila anayetazamwa na polisi. Mpelelezi akajikuta anawatazama mikono, mmoja mmoja, akitafuta alama ya kuungua. Akapiga simu tena hospitali. Nesi akasema hali ni ileile, na shemeji ni mtu wa pekee, hatoki pale, anamlowesha midomo, ni wachache wenye ndugu wa namna hiyo siku hizi. Mpelelezi akashukuru.

Saa nne na dakika hamsini ndoo mpya ilisoma nyuzi kumi na tano. Imepanda tatu kwa nusu saa. Mpelelezi akaandika kwenye daftari la Koplo, taratibu, ili asijidanganye. Kutoka kumi na mbili hadi kumi na tano ni nusu saa. Hadi kumi na nane ni karibu nusu saa nyingine. Ndoo ya Mama Vipimo ilikuwa kumi na nane saa nne na dakika ishirini, kwa hiyo aliikoroga karibu saa tatu na dakika ishirini. Na asidi hufuata hapohapo. Ingekuwa ya saa moja au saa mbili, isingekuwa na hata tone la jasho.

"Wakati wa chai," Koplo akasema.

"Wakati wa chai. Dakika kumi kabla ya kukutwa." Akamgeukia msimamizi. "Nani hakuwa kwenye chai?"

Msimamizi alikuwa mtu wa orodha, na orodha ilikuwa kichwani. Wote walikuwepo. Fundi bomba alikaa meza yake, alilalamika kwamba chai imepoa. Aliyekosekana ni Mama Vipimo mwenyewe. Hapo mlinzi mmoja akadakia kwamba stoo ilichelewa kufunguliwa leo, tangu saa moja Mama alikuwa akingoja mbolea nje ya mlango wa stoo, mpaka saa tatu na ushee ndipo akaletewa.

"Akaletewa na nani?"

Msimamizi akatoa mikono mfukoni. "Mtunza stoo," akasema. "Yeye hanywi chai na sisi, simhesabu." Mwenye stoo ndiye mwenye asidi ya kujaza ndoo. Mwenye stoo ndiye aliyeizuia mbolea ili mchanganyaji asikaribie ndoo zake asubuhi nzima, na ili aungue wakati hakuna masikio. Mwenye stoo ndiye aliyemkuta, na ndiye aliyewatangazia watu kwamba aliungua zamani.

Mpelelezi akamshika fundi bomba bega na kumuuliza jana waligombania nini. Akasema ni chupa. Mwezi uliopita mwendesha pampu alichukua chupa ya soda kwenye ndoo ya mbolea, akanywa, akaugua, na baada ya wiki mbili akafa. Hospitali waliandika figo. Tangu siku hiyo Mama alipiga marufuku chupa, na jana yeye fundi aliweka yake kwa utani, ndipo akamfokea mbele za watu. Baadaye alimwita pembeni akamwomba radhi. Alimwambia ile chupa ya marehemu aliipata, ilikuwa na dawa ya magugu, na kuna mtu mmoja tu shambani ambaye, kwa uvivu wa kubeba dumu, humimina dawa kwenye chupa za soda. Alisema leo saa sita atalifikisha kwa bosi.

"Alikutajia huyo mtu?"

"Hapana. Alisema ni wa nyumbani, lazima amwambie yeye kwanza. Ndiyo heshima."

Mpelelezi alikuwa tayari anakimbia. Nyuma yake akasikia Koplo anapiga simu ya wodi, na akasikia simu inaita, inaita, inaita.

Njia ya kwenda hospitali ilikuwa dakika kumi na tano. Koplo aliendesha, mpelelezi akashika simu sikioni na kusikiliza ule mwito usiopokelewa. Mimi ndiye niliyemweka pale, aliwaza. Niliwafukuza wengine wote, nikamwacha yeye. Kisha akalisema kwa sauti, mara mbili, na Koplo akajifanya hajasikia.

Mezani kwa manesi palikuwa na nesi mmoja anayejaza fomu, simu iko mbali naye, kwenye dirisha lingine. Akawatambua kwa sare ya Koplo na kutabasamu. Akasema agizo lao limefuatwa, hakuingia mtu, shemeji tu. Chumba cha mwisho kushoto.

Mlango ulikuwa umerudishwa. Mpelelezi akamwashiria Koplo abaki korido, akausukuma kwa vidole.

Mama Vipimo alikuwa ameegemezwa mito, kichwa na macho vyote bandeji, mdomo tu uko wazi, umevimba. Mtunza stoo alikuwa amekaa kitini ubavuni kwake, mwanaume wa kawaida, mwenye nywele zinazoanza mvi, shati lake lina madoa ya kumbeba. Mkono wa kushoto ulikuwa shingoni kwa mgonjwa, unamwinua kidogo. Wa kulia ulishika kijiko. Kikombe kilikuwa mapajani.

"Karibu," akasema kwa upole. "Anakunywa. Namalizia."

Mpelelezi akatembea hadi kitandani. Hatua nne, na hakuwahi kutembea hatua ndefu kuliko hizo. Akasema pole kwa kuuguza, akasema daktari anamuhitaji korido kidogo kuhusu fomu ya ndugu wa mgonjwa, yeye atamshikia kikombe. Mtunza stoo akamtazama. Akaitazama ile buti ya mpira ya shamba aliyoisahau mguuni. Kijiko kilikuwa hewani, kimejaa.

"Namalizia hiki," akasema.

Mpelelezi akamshika kifundo cha mkono. Hakukaza, alishika tu, na hapo akahisi mapigo ya yule mtu yanavyokwenda mbio, au yalikuwa yake mwenyewe. Kitu fulani kikapita usoni kwa mtunza stoo, kisha mabega yakashuka. Akaweka kijiko kwenye kikombe. Akatoa mkono shingoni kwa shemeji yake polepole, akainuka, akatoka mwenyewe hadi kwa Koplo, na pingu zikasikika zikifungwa.

Mpelelezi akafunga kikombe kwenye mfuko wa vielelezo, maabara iseme kilichomo. Kisha akamwinamia mgonjwa, akamwambia yeye ni polisi, mwanamke, na kwamba yule ametoka, amefungwa, harudi.

Mgonjwa aligeuza sikio upande wa mlango. "Mlango umefungwa?" akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu anayekwaruza sufuria.

Mpelelezi akaenda akaufunga, akaupiga komeo ili asikie.

"Nilimjua tangu kwenye gari," Mama Vipimo akasema. Ilimchukua pumzi tatu. "Ndoo haikupata joto. Nikajua ni stoo. Halafu mikono inayonibeba ikawa yake."

"Kwa nini hukumwambia nesi?"

"Nesi alikuwa anamsifia. Na mkono wake uko shingoni kwangu. Nikaona nikijitia mjinga, pengine atangoja." Akameza, ikamuuma. "Kila kijiko nilisema hiki ndicho. Nikafungua mdomo. Nikamwambia asante, shemeji."

Mpelelezi alikuwa na maswali yake yameandikwa, matatu, ya muhimu. Hakuuliza hata moja. Midomo ya yule mama ilikuwa imekauka hadi kupasuka, basi akamwita nesi kupitia dirishani, akaletewa maji mapya kwenye chupa iliyofungwa na kijiko kingine, akamimina mwenyewe, akakileta karibu.

Mdomo ukafungwa. Shingo yote ikakakamaa kwenye mto.

"Onja wewe kwanza," Mama Vipimo akasema.

Mpelelezi akaonja. Akameza kwa nguvu, mpaka koo likatoa sauti, ili asiyeona asikie. Mama Vipimo akasubiri kidogo zaidi, akihesabu kitu anachokijua yeye, ndipo akafungua mdomo.